Winchi ya Chumbani kwa Revelian

Revelian alikuwa mtu wa kimo na uzito, na kiharusi hakikumpunguza hata kidogo. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake, kisha kikamwachia mkewe mwili wote aubebe.

Mkewe, Kokushubila, alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Mtaani kwao Kinyerezi walimwita Mwalimu tu, hata watoto ambao hakuwahi kuwafundisha. Alikuwa mwembamba, mkavu wa mikono, na alikuwa na mgongo ambao siku hizi ulimpigia kelele kila alipoinama. Asubuhi alimkumbatia mumewe, akafunganisha vidole nyuma ya mgongo wake mpana, akamvuta kutoka kitandani kuelekea kwenye kiti cha magurudumu. Mara nyingi walifika. Mara nyingine walidondoka wote wawili katikati ya safari hiyo fupi, wakabaki sakafuni wakitazamana, mpaka apite jirani wa kuitwa.

Katika siku moja ya namna hiyo ndipo Ummehani Karmali alipoingia. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Revelian aliwahi kuwa karani wa ghala la familia yao pale Ubungo mpaka alipostaafu, na tangu augue, Ummehani alikuwa anakuja kumnyoosha viungo bila kuombwa na mtu.

"Shikamoo Mwalimu. Leo tena sakafuni?"

"Marahaba. Leo tumeona tukae chini kidogo, kuna ubaridi mzuri."

Ummehani hakucheka. Alivua viatu, wakasaidiana, wakamweka Revelian kitini. Kisha akamshika Kokushubila kiuno kwa nyuma, akabonyeza kwa kidole gumba. Kokushubila aliruka.

"Ndiyo hapo," alisema Ummehani. "Mgongo huu ukikatika, nani atamnyanyua nani? Mtalala wawili kitanda kimoja mkisubiri kulishwa."

"Sasa unataka nifanyeje, dada? Nimwache kitandani aoze?"

"Nilikosoma mie kulikuwa na mashine. Inaning'inizwa darini. Mgonjwa anavishwa kitambaa kama machela, ananyanyuliwa polepole, anasogezwa, anashushwa kitini. Mtu mmoja anatosha. Ila hapa mjini majumbani sijaiona."

"Inanyanyua kwa kutumia nini?"

"Nyingine kwa mota, nyingine kwa mnyororo. Kama ile winchi ya gereji wanayotolea injini kwenye gari."

Kokushubila alitazama juu, kwenye siling bodi nyeupe iliyokuwa na alama ya maji ya mvua ya mwaka jana. "Injini na mume wangu," alisema, "kipi kizito?"

"Mwalimu, nisikilize kwanza." Ummehani alivuta stuli akakaa. "Kunyanyua si kazi. Kazi ni isiyumbe. Kiharusi kimemharibia mizani ya kichwani. Ukimning'iniza akaanza kwenda huku na huku, atahisi anaporomoka kutoka ghorofani. Atapata hofu, atakukatalia, na hutamrudisha tena pale juu hata kwa mahubiri."

Revelian, kitini, alikuwa akiwasikiliza. Aliinua kidole cha mkono wa kushoto akaelekeza darini. "Jaribu," alisema. Lilikuwa moja ya maneno yaliyobaki yakiwa mazima.

*

Kabla hawajajaribu chochote, Kamugisha alifika kutoka Bukoba.

Kamugisha alikuwa kaka mkubwa wa Revelian, mzee wa koti hata kwenye joto la Dar, aliyezoea kusikilizwa. Alimpenda mdogo wake, hilo halikuwa na ubishi. Alipomwona ameegemezwa kwa mito kitandani, alimshika mkono ule usiokuwa na uhai akakaa nao muda mrefu. Lakini alipomaliza kunywa chai aliweka kikombe chini na kusafisha koo.

"Ma Koku, ukoo umekaa. Tumeamua Revelian arudi nyumbani. Kule kuna vijana wenye nguvu, watamnyanyua asubuhi, watamnyanyua jioni. Wewe umejitahidi, sasa pumzika. Nimeshakata tiketi mbili za basi la Jumamosi."

"Mbili?"

"Yangu na yake. Wewe utakuja baadaye, ukishapangisha nyumba. Nimeongea na Allen, naye ameona ni sawa."

Allen alikuwa mtoto wao wa pekee, mhasibu huko Mwanza. Kokushubila alihisi damu ikimpanda usoni. Mwanawe alikuwa amempigia simu jana tu, wakaongea habari za bei ya mchele na hakugusia hili.

"Na mwenyewe mmemuuliza, Ta Kamugisha?"

"Atasema nini, na hawezi kusema?"

Kitandani, Revelian alipiga godoro kwa kiganja cha kushoto. Akapiga tena. Midomo yake ilisokota, ikatafuta, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Sie," alisema hatimaye. "Sie... hapa."

"Unaona anavyohangaika?" Kamugisha alimfuta jasho kwa leso. "Tulia mdogo wangu. Tulia."

Kokushubila alisimama akakusanya vikombe. Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani. "Shemeji, karibu sana, chumba chako kiko tayari. Tiketi ni zako, fanya nazo upendavyo. Mume wangu amesema hapa, na mie nimemsikia vizuri."

Alitoka nje, akaenda moja kwa moja mpaka barabarani kwa Nassibu.

*

Nassibu alikuwa fundi wa kuchomelea. Madirisha na mageti mengi ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Alimsikiliza Mwalimu akiwa ameinua miwani yake ya kazi juu ya paji la uso, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kujikuna shingo.

"Mama, mie nafungaga mageti. Geti likianguka linaumiza mguu. Huyu ni mtu. Ni mzee Revelian!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mwingine. Winchi tutaazima gereji?"

"Winchi ipo, jamaa zangu wanayo ya ziada. Ishu ni pa kuining'inizia."

Mchana ule waliitoboa siling bodi. Vumbi jeupe liliwajaa kichwani wote wawili. Juu yake waliona mbao za kenchi, zile zinazobeba bati, na Nassibu akachagua iliyo nene kuliko zote, akaizungushia mnyororo mara kadhaa, akatundika winchi. Kokushubila alikuwa ameshashona kitambaa cha kubebea: turubai la mpira ndani, kanga nje lisimchubue, mishono mara tatu kila ukingo, na vitanzi vinne vya mkanda wa mzigo. Hapo hakuhitaji ushauri wa mtu. Wakaweka mifuko miwili ya saruji ndani ya kitambaa, Nassibu akavuta mnyororo.

Mifuko ilinyanyuka. Kwa muda mfupi ilikuwa kitu kizuri kutazama. Kisha kenchi ikalia kama mlango mkavu, mzigo ukazunguka nusu duara, ukaenda kulia, ukarudi kushoto kwa kishindo na kugonga kabati la nguo. Kioo cha kabati kilipasuka kikamwagika sakafuni.

Kamugisha alikuwa mlangoni. "Umeona?" alisema. "Umeona, Ma Koku? Kile kingekuwa kichwa cha ndugu yangu."

Kokushubila alifagia vioo, akatoa saruji, akaingia yeye kwenye kitambaa.

"Mama, hapana," alisema Nassibu.

"Vuta."

"Mama, ile mbao..."

"Mie si mzito kama saruji yako. Nataka kujua nitakachompa mume wangu. Vuta!"

Alivutwa. Miguu iliachana na sakafu. Alipopumua tu, akazunguka. Alipogeuza kichwa kumtazama Revelian, akaenda upande. Alinyoosha mguu kujizuia, akazidi kubembea. Ukuta ulimjia, dirisha likamjia, uso wa shemeji yake ukapita. Aliposhushwa, alitoka mbio uani akatapika kwenye mashina ya mipapai.

Aliporudi, Revelian alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeshuhudia adhabu yake inayokuja. Hofu ile ilimuuma kuliko maneno yote ya Kamugisha.

"Hii tunaifungua," alimwambia mumewe. "Hutapanda kwenye hii. Nakuahidi."

*

Siku ya pili walikaa chini kufikiri, Kokushubila na Nassibu, mgongo wa Mwalimu ukiwa umefungwa kanga kwa nguvu kama mzazi aliyejifungua. Umeme ulikatika asubuhi, nguzo kubwa za nyaya zikiwa zimesimama pale nyuma ya nyumba, na Nassibu hakuweza kuchomelea kitu. Hivyo walikuwa na muda.

"Kwanza mbao," alisema Kokushubila. "Ile imejengwa kubeba bati. Tuachane nayo."

"Tunaweza kupitisha chuma kutoka ukuta huu hadi ule. Juu ya kuta kuna mkanda wa zege, mlijenga vizuri. Kikae pale, kisiguse kenchi kabisa."

"Sawa. Na mnyororo ulikuwa mrefu mno. Nilijiona kama kengele ya kanisani. Ukifupishwa hauna nafasi ya kwenda mbali."

"Tukifupisha winchi itakuwa juu, na mzee yuko chini. Hatafikiwa."

"Basi chuma chenyewe kishuke. Usishushe mnyororo, shusha chuma."

Nassibu alichora kwa chaki sakafuni: chuma cha juu kwenye zege, vyuma viwili vya kusimama kutoka hapo kwenda chini, na chini yake reli ambayo winchi itatembelea. Akaukuna mchoro kwa kucha. "Hii nayo itacheza, mama. Vyuma vikisimama wima tupu, ukivisukuma vinalala."

Kokushubila alikuwa ameegemea cherehani yake ya miguu, ile aliyoinunua kwa mshahara wa kwanza wa ualimu. Aliinama kutazama mchoro, na meza ya cherehani ikasogea. Alikumbuka bolti iliyolegea nyuma, pale vyuma viwili vilipokatizana kama herufi X kati ya miguu ya meza. Akachukua spana kwenye mkoba wa Nassibu, akakaza. Akasukuma meza. Haikusogea.

Akailegeza tena, akasukuma. Meza ikayumba.

"Nassibu, njoo uone hapa."

Nassibu alipiga magoti, akalegeza, akakaza, akalegeza. Akaanza kutabasamu. "Mlalo," alisema. "Tuweke vyuma vya mlalo, vikatizane kwa mshazari kama hivi. Mie kwenye mageti nawekaga ili lisiiname, sijui nilikuwa nawaza nini."

"Ulikuwa unamwaza mzee Revelian anaanguka. Nami nilikuwa namwaza yeye."

Umeme uliporudi, walifanya kazi bila kupumzika. Kijana wa gereji alisaidia kupandisha chuma cha juu. Vyuma vya kusimama vilichomelewa, vya mlalo vikakatizwa, na kwenye reli Nassibu akaweka magurudumu ya geti la kusukuma, winchi ikaning'inia chini tu ya reli, mnyororo ukiwa mfupi. Ili mzigo usizunguke, walitengeneza mtaimbo mfupi wa kulala, kitambaa kikashikwa kwa ncha zote mbili badala ya ndoano moja.

Saruji ikapanda. Kokushubila aliisukuma kuelekea kabatini. Ikasogea kidogo, ikatulia. Nassibu akapiga makofi. Kisha Kokushubila akaisukuma kwa upande mwingine, kuelekea dirishani, na kitu chote, reli na winchi na saruji, kikaanza kucheza mbele na nyuma.

"Eh!" Nassibu alikaa kitandani bila kujua, karibu akalie mguu wa Revelian.

"Mlalo tumeweka upande mmoja tu," alisema Kokushubila taratibu. "Unazuia kwenda huku. Kwenda kule haujazuiliwa."

Kamugisha, ambaye sasa alikuwa amezoea kuja kusimama mlangoni, alivuta pumzi. "Koku, mpaka lini? Kesho ni Jumamosi. Mtu mzima anakubali akishindwa."

Kokushubila aligeuka kumtazama. Nywele zake zilikuwa na vumbi la chuma, na kanga ya kiunoni ilikuwa imeungua tundu kwa cheche. "Nikishindwa nitakuambia, shemeji. Sijakuambia."

Waliongeza vyuma vya mlalo upande wa pili. Waliongeza na pini ya kuzuia magurudumu yasijiendee mzigo ukiwa juu. Jioni ile Ummehani alipita kutoka kazini, akaisukuma mifuko ya saruji kwa mikono miwili, akairudia, akaibamiza kwa bega. Mifuko ilitikisika pale pale ilipo, ikakaa.

"Mashaallah," alisema. "Sasa mzigo wenye roho."

*

Asubuhi ya Jumamosi begi la Kamugisha lilikuwa sebuleni, limefungwa. La Revelian halikuwepo.

Chumbani walikuwa Kokushubila, Nassibu na Ummehani. Kamugisha aliingia bila kubisha hodi. Revelian aliiona winchi juu yake, akakumbuka kioo kilichovunjika, akashika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Nitazame mie kwanza," alisema mkewe.

Alikaa kwenye kitambaa. Nassibu alivuta, mnyororo ukalia ka-ka-ka, na Kokushubila akapanda mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa mumewe. Akakunja mikono kifuani kama anayesubiri wanafunzi wanyamaze. Akatikisa miguu makusudi. Hakwenda popote.

"Unaona?"

Revelian alitazama miguu ya mkewe ikining'inia, vidole vimepakwa rangi iliyobanduka nusu. Polepole aliachia kitanda.

Walimvisha kitambaa akiwa amelala ubavu, Ummehani akamkagua kila kitanzi. Nassibu akampa Kokushubila mnyororo. "Wewe vuta, mama. Ni wako."

Alivuta. Mwili ule aliokuwa ameukumbatia na kuuangukia miezi yote hii ulianza kuachana na godoro: mabega kwanza, kisha kiuno, kisha visigino. Revelian alifumba macho. Alisubiri kuporomoka. Hakikuja kitu. Alifumbua jicho moja, akatazama huku, akatazama kule, na chumba kilikuwa kimesimama mahali pake.

Kamugisha hakuweza kuvumilia, alisogea akanyoosha mikono kumdaka. Mdogo wake alimsukuma kwa mkono wa kushoto.

"Acha," alisema.

Kokushubila alichomoa pini, akamsogeza kwa kiganja kimoja, akamshusha kitini. Nassibu aligeuka kwenye dirisha, akawa anashughulika na pazia.

"Haya," Kamugisha alisema, akishusha mikono yake. "Imefanya kazi, sikatai. Lakini hii si heshima. Mtu mzima, baba wa watu, ananyanyuliwa kama injini ya lori!"

"Heshima ni ipi, Ta Kamugisha?" Kokushubila alikuwa bado ameshika mnyororo. "Vijana wanne wambebe akiwa uchi kila asubuhi, wakimcheka njiani wanaporudi? Au atoke kitandani na mkewe peke yake, mlango umefungwa?"

Kamugisha alifungua mdomo, lakini kabla hajasema, Revelian alianza kuhangaika na maneno. Safari hii hakuna aliyemfuta jasho wala kumwambia atulie. Walimsubiri.

"Kaka," alisema. "Na... naoga. Toka. Funga mlango."

Ummehani alitangulia kutoka, amejiziba mdomo kwa mtandio. Nassibu akafuata na mkoba wake wa spana. Kamugisha alisimama kidogo, akamtazama mdogo wake aliyekaa wima kitini, kidevu juu, kama alivyokuwa akikaa utotoni alipokataa kula. Kisha akatoka, akafunga mlango kwa upole.

Alikwenda stendi ya Mbezi peke yake. Pale getini alimwambia shemeji yake, "Kile kitu kikianguka, msinilaumu."

"Kikilegea tutakikaza," alisema Kokushubila. "Safari njema, shemeji. Utusalimie nyumbani, na uwaambie tunakaa hapa."

Kamugisha hakupiga simu kwa wiki kadhaa. Alipopiga, aliomba aongee na Revelian, wakakaa kwenye simu muda mrefu, mmoja akisema sana na mwingine akisema kidogo.

Siku za mwanzo waumini wa jumuiya walikuja kusali, wakaitazama ile winchi zaidi ya mgonjwa. Mmoja alisema ni afadhali kumwachia Mungu. Kokushubila alimjibu kwamba Mungu alimwachia yeye, akamkaribisha chai. Mgongo wake haukupona wote, lakini uliacha kumpigia kelele asubuhi. Nassibu alikuja mara kwa mara kukagua bolti, na watu wawili walishamfuata, mmoja wa Tandale na mmoja wa Tabata, wenye wagonjwa wao.

Shida sasa ilikuwa Revelian. Alipozoea kutoka kitandani, hakutosheka na chumba. Alitaka bafu. Alitaka baraza. Kila akishushwa kitini alielekeza kidole kwenye korido na kusema, "Huko." Kwa hiyo wakaanza kutoboa siling bodi ya korido.

Allen alipiga simu siku hiyohiyo. Mjomba mmoja aliyepita kumjulia hali Revelian alikuwa amemwambia. "Mama, mnaiharibu nyumba. Nani atakuja kuinunua nyumba yenye reli darini?"

"Hatujaitangaza," alisema Kokushubila.

"Nasema baadaye, mama. Siku za usoni."

"Baba yako anataka kwenda barazani leo." Akaiweka simu juu ya cherehani bila kuikata, na Nassibu akawasha drili.